Nyasi Zilizohesabiwa Kuwa Utupu

Anayesafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya, akishapita Mafinga, hukutana na kijani kinachofurahisha macho. Misindano imesimama kwa safu pande zote mbili za barabara, milingoti imenyooka nyuma yake, na malori ya mbao yanapishana mchana na usiku. Wengi huondoka pale wakiamini wameiona nchi iliyotunza misitu yake. Lakini msindano ule asili yake ni Meksiko, mlingoti na mwati vimetoka Australia, na chai inayofunika vilima vya Mufindi ni mmea wa Asia. Mtu aliyepita nchi hiyohiyo miaka 100 iliyopita aliona vilima vya nyasi vikifuatana hadi upeo wa macho, huku misitu ikiwa mabondeni na kwenye ukingo wa mteremko mkali unaoshukia Kilombero.

Historia ya uoto wa Nyanda za Juu Kusini imezoeleka kusimuliwa kama historia ya miti: wapi ilikatwa, nani aliikata, wapi imepandwa upya. Masimulizi ya namna hiyo yanaacha nje nusu ya nchi. Nyasi za asili zimepotea katika maeneo makubwa bila mtu kuzililia, na zimepotea kwa sababu kila utawala uliopita hapa, wa kigeni na wa kwetu, ulizitazama ukaona ardhi tupu inayosubiri kazi. Ninaposema Mbeya na Iringa nashika mipaka ya zamani, kabla ya Njombe kumegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, maana sehemu kubwa ya mambo haya yalitokea mipaka ikiwa hiyo.

Tuanzie Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini. Leo ni korongo kavu lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Mwaka 1951 zana za mawe zilionekana humo, na mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia F. Clark Howell alifukua mashoka ya mawe kwa wingi, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwishatoweka duniani. Kiboko hakai pasipo maji. Miaka takriban 260,000 iliyopita, mahali pale palikuwa na ziwa dogo au kinamasi, na watu wa kale walikuja kuwinda na kuchinja kandokando yake. Lilipokauka hapakuwa na mwenye jembe wala mwenye ng'ombe wa kulaumiwa.

Tabia ya nchi imeendelea kuuvuta uoto huku na huku tangu hapo. Miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa katika kilele cha zama za barafu, nyanda hizi zilikuwa na baridi kuliko sasa kwa nyuzi kadhaa, na hewa ya ukaa angani haikufika nusu ya iliyopo leo. Hewa hiyo ikipungua, nyasi nyingi za nchi za joto hupata nafuu kuliko miti, kwa kuwa jani lake lina ufundi wa kuikusanya hata ikiwa haba. Mti hauna ufundi huo, kwa hiyo hudumaa. Hewa ya ukaa ikiongezeka, kama inavyoongezeka katika zama zetu, mizani hugeuka na vichaka hupata nguvu ya kuingia penye nyasi.

Haya yanajulikana kwa sababu ya tope. Chavua ya maua hupeperushwa na upepo, ikaanguka ziwani au kwenye kinamasi, ikazikwa tabaka juu ya tabaka na kukaa maelfu ya miaka bila kuoza. Ziwa Masoko, lililojaa kwenye shimo la volkano wilayani Rungwe, limetoa tope la miaka 45,000. Annie Vincens na wenzake waliochambua chavua ya miaka 4,200 ya mwisho walikuta vipindi ambapo miombo yenye unyevu ilitamalaki, vikifuatwa na vipindi vya ukavu ambapo miti ilipungua na nyasi kuongezeka. Huko milima ya Udzungwa, Cassian Mumbi na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa tope la kinamasi cha Dama. Tope hilo lilionyesha kwamba msitu wa mlimani ulivumilia hata zama za barafu, kwa kuwa mawingu kutoka Bahari ya Hindi hayakuacha kuugusa. Kwa hiyo ndani ya nyanda hizihizi palikuwa na misitu mikongwe iliyodumu pamoja na nyanda za nyasi zilizopanuka na kusinyaa kwa kufuata mvua.

Ukongwe wa nyasi hizo unahitaji kusisitizwa. Kwa muda mrefu wataalamu wengi wa misitu waliamini kwamba nyasi za milimani Afrika Mashariki ni kovu tu, kwamba palikuwa na msitu kila mahali hadi mkulima alipouchoma. Moto wa wakulima na wafugaji uliupunguza msitu kweli kwenye kingo zake. Lakini uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, una aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi, na baadhi ya mimea hiyo haipatikani popote pengine duniani. Mmea hauwezi kugeuka kuwa spishi ya pekee ndani ya karne mbili tatu za moto wa binadamu. Mimea iliyozaliwa kwenye jua la uwanda wazi, yenye viazi vyake chini ya ardhi vinavyosubiri moto upite ndipo ichipue, ni ushahidi kwamba uwanda huo umekuwa wazi tangu kale sana.

Watu waliokaa hapa kabla ya ukoloni waliutumia uoto huu kwa akili iliyopimwa na vizazi. Katika miombo ya Mbozi na kwingineko wakulima walikata miti, wakaichoma, wakapanda ulezi kwenye majivu, kisha wakahama na kuiacha ardhi ipumzike hadi miti ichipue tena. Wabena na Wahehe walilima vinyungu, yaani matuta ya mabondeni yanayotumia unyevunyevu wa kiangazi wakati vilima vimekauka. Wanyakyusa, wenye udongo wa volkano na mvua inayokaribia kutokatika, walikaa ndani ya migomba yao. Wanyiha, Wakinga na Wafipa walifua chuma, na tanuru la chuma linakula mkaa mwingi. Palipokuwa na mafundi wengi, miombo ya jirani ilikonda. Sitaki kuichora nchi ya zamani kana kwamba ilikuwa bustani isiyoguswa. Iliguswa kila siku, ila mikono iliyoigusa ilikuwa michache na iliondoka mapema.

Kisha yakaja maafa ya miaka ya 1890, na yaliibadili nchi kuliko shoka lolote. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioshuka kutoka kaskazini mwa bara, ulifyeka mifugo mwanzoni mwa muongo huo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani pale Lugalo. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome yao ya Kalenga ikaanguka. Na kwa karibu miaka minne Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipigana msituni huku Wajerumani wakichoma vijiji na mashamba ili kumnyima chakula, hadi alipojiua mwezi Julai 1898. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikaleta njaa upande wa mashariki na kusini, na mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaingia kutoka Nyasaland, yakachukua wapagazi na akiba za nafaka. Mwaka 1918 mafua makali yakamalizia.

Pasipo ng'ombe wa kula nyasi na mtu wa kuchoma na kulima, vichaka vilirudi kwenye nyanda za chini, na mbung'o akarudi navyo. Bonde la Ruaha lililokuwa na njia, mashamba na makaburi likaonekana machoni pa maofisa wageni kuwa pori la asili. Wajerumani walitenga Pori la Akiba la Saba mwaka 1910, Waingereza wakaliita Rungwa mwaka 1946, na mwaka 1964 sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Uwanda huo tunaouonyesha watalii kama nchi ambayo binadamu hakuigusa ulipata sehemu ya uoto wake kutokana na misiba ya watu waliokufa au kuhama.

Wakati huohuo walikuja watu wenye karatasi za kubania majani. Konsuli Mwingereza James Frederic Elton alipita uwanda wa Kitulo mwaka 1877, na kwa miaka mingi ramani ziliuita kwa jina lake, ingawa wenyeji walikuwa na lao. Mjerumani Walter Goetze alikusanya mimea Uhehe, Ukinga na Unyakyusa mwaka 1898 na 1899, na hakurudi kwao. Alifia Langenburg mwaka 1899. Adolf Stolz wa misheni ya Wamoravian, aliyekaa Kyimbila karibu na Tukuyu, alituma maelfu ya vielelezo, na okidi kadhaa zina jina lake hadi leo. Rekodi hiyo ndiyo ingetuonyesha vizuri zaidi nini kilikuwa kinaota wapi kabla ya mashamba makubwa. Sehemu kubwa ya mkusanyo wa mimea wa Berlin iliungua kwa mabomu mwezi Machi 1943. Zilizosalimika ni nakala zilizokuwa zimesambazwa kwenye majumba mengine ya Ulaya.

Chai ilijaribiwa Kyimbila mwanzoni mwa karne ya 20 na kuanza kulimwa kwa biashara katika miaka ya 1920, pale walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi baada ya vita, walipofungua mashamba Mufindi. Ilipandwa mgongoni mwa mteremko, hasa kwa sababu ya ukungu unaopanda kila asubuhi kutoka Kilombero. Upande wa magharibi, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilivuta watu wengi miaka ya 1930, nao walihitaji magogo ya kuegemeza machimbo na kuni za kupikia. Tumbaku ikafuata Iringa na Chunya. Mabani ya kukaushia tumbaku yanawaka siku kadhaa mfululizo kwa kuni za miombo, na mwenye bani huchoma kwanza miti iliyo karibu, mwaka unaofuata ya mbali kidogo, hadi kuni zinaanza kuletwa kwa gari. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miwati Njombe, mti ambao ganda lake lilikuwa na soko la kutengenezea ngozi. Kwa mara ya kwanza mlima mzima wa nyasi ulifunikwa kwa mti mmoja.

Habari ya Ismani inastahili kusimuliwa polepole. Ni uwanda wa kaskazini mashariki mwa Iringa, kwenye barabara ya Dodoma, upande wa kivuli cha mvua. Hadi miaka ya 1940 ulikuwa pori la miti ya ukame lenye watu wachache. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walianza kumiminika, Wahehe na wengine kutoka mbali, kwa sababu ardhi ilikuwa ya bure na mahindi yalikuwa na bei. Waliong'oa miti kwa mikono, kisha kwa matrekta. Udongo mpya ulitoa mavuno yaliyowatajirisha watu ndani ya misimu michache, na Ismani ikawa ghala la mahindi la nchi. Hakuna aliyeacha ardhi ipumzike, kwa kuwa kupumzisha ardhi kulimaanisha kumwachia jirani aichukue. Mahindi yalifuata mahindi kwa miaka 20, bila samadi ya kutosha, katika nchi ya mvua haba isiyotabirika, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 mavuno yalikuwa yameanguka.

Siasa ya Ujamaa ilifika Ismani wakati udongo umechoka na ardhi imejikusanya mikononi mwa wenye matrekta. Sikukuu ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa na kunyongwa. Tukio hilo hukumbukwa kama kisa cha siasa, na ni kweli. Lakini chini yake palikuwa na ardhi iliyokwishavuliwa pori lake na kunyonywa rutuba ndani ya kizazi kimoja, na watu waliokuwa wanagombea kilichobaki. Anayepita Ismani mwezi Septemba leo huona vumbi likisimama juu ya mashamba, na ni vigumu kwake kuamini kwamba hapa ndipo malori ya mahindi yalipokuwa yakipanga foleni.

Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilikusanya watu sehemu moja, na kuni, mashamba na mifugo vikakusanyika nao. Kuzunguka kila kijiji kipya ikatokea duara ya ardhi iliyochujuka, huku mashamba ya zamani yaliyoachwa mbali yakirudi kuwa vichaka. Barabara ya lami ya Zambia na reli ya TAZARA vilikamilika katika muongo huohuo, na mkaa wa miombo ukapata njia ya kufika mijini kwa gunia.

Sasa turudi kwenye misindano. Majaribio ya kwanza ya Sao Hill yalifanyika mwaka 1939. Upandaji mkubwa ulianza baada ya Uhuru na kushika kasi kuanzia mwaka 1976 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa lengo la kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza kazi mwaka 1985. Leo Shamba la Miti Sao Hill lina eneo la hekta zipatazo 135,000, kubwa kuliko mashamba yote ya serikali. Nia ilikuwa njema na faida ni ya kweli. Nchi ilihitaji mbao na karatasi, na kila mbao iliyotoka Sao Hill iliokoa mti wa msitu wa asili mahali fulani. Vijana wengi wa Mufindi wamesoma kwa pesa za miti hiyo. Ninachokataa ni hesabu iliyotumika. Katika hesabu ile, hekta ya nyasi ilikuwa sifuri kabla ya msindano kuingia.

Nyasi hazikuwa sifuri. Mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo anayehama kati ya Afrika Mashariki na kusini mwa bara, hutaga katika nyanda hizi, na hujenga kiota ndani ya mashimo yaliyochimbwa na muhanga kwenye ardhi ya wazi. Chini ya misindano hapati pa kuwinda. Na maji nayo yana hesabu yake. Nyasi za milimani hunyauka kipupwe na kupunguza kunywa. Mlingoti hauna likizo, mizizi yake ni mirefu, na unavuta maji mwaka mzima. Wanavijiji waliligundua hilo kwa macho yao, chemchemi zilipopungua baada ya milingoti kupandwa mabondeni. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa sasa viongozi wa mikoa hii wamekuwa wakihimiza milingoti ing'olewe kwenye vyanzo vya maji na mahali pake ipandwe mivengi, mti wa asili unaoota penye maji tangu zamani.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 kampuni za kigeni nazo zikaja, baadhi zikitafuta mbao, nyingine zikitafuta pia malipo ya hewa ya ukaa, kwa hoja kwamba mti uliopandwa penye nyasi unavuta hewa hiyo na kuihifadhi. Kwenye shina la mti hoja hiyo ni sahihi. Lakini nyasi huhifadhi sehemu kubwa ya kaboni yake ardhini, mahali ambapo moto haufiki, ilhali shamba la misindano lililokauka linaweza kuungua lote kwa moto kichaa wa alasiri moja ya Oktoba. Wanavijiji wenyewe hawakubaki nyuma. Mwalimu, mganga, dereva na mjane, kila mwenye ekari mbili amepanda miti, kwa sababu mti ni benki anayoweza kuifungua siku mtoto anapofaulu. Siwalaumu hata kidogo.

Upande wa Mbeya, mgogoro mkubwa umekuwa Usangu. Mito inayoshuka kutoka Uporoto na Kipengere hukusanyika kwenye uwanda huo, huingia kinamasi cha Ihefu, na hutoka kwa mlango mmoja tu, kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya kinamasi yakishuka chini ya kizingiti, hata kidogo tu, mto Ruaha Mkuu hautiririki tena kuingia Hifadhi ya Ruaha. Hali hiyo ilitokea mwaka 1993 na imejirudia kiangazi baada ya kiangazi. Viboko hukusanyika kwenye madimbwi ya tope, samaki hufa, na mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyokuwa tegemeo kuu la umeme wa taifa, hupungukiwa maji.

Nani alaumiwe? Jibu lililosikika kwa sauti kubwa ni mfugaji. Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaig walikuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao kwa miongo kadhaa, na ng'ombe anaonekana kwa urahisi, tena ana vumbi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya mkutano wa kimataifa kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu na mifugo yao, ng'ombe wengi wakafa njiani, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, iliyofikia kilomita za mraba 20,226. Mwaka 2010 ulifika na mto ulikauka tena.

Watafiti waliofanya kazi Usangu kati ya 1998 na 2002 walikuwa wameshaeleza sababu. Walipima mvua, wakapima mito inakotoka milimani, na hawakuona kwamba mvua iliyopungua au misitu iliyokatwa ndiyo chanzo kikuu cha kukauka. Chanzo kikuu kilikuwa mabanio. Kilimo cha mpunga cha umwagiliaji, kilichoanzishwa na Wabaluchi katika miaka ya 1940, kilipanuliwa na mashamba ya serikali ya Mbarali, Kapunga na baadaye Madibira, na kikafuatwa na wakulima wadogo kwa maelfu hadi kufikia hekta zipatazo 40,000 katika mwaka wa mvua nzuri. Maji yaliendelea kuchepushwa hata kiangazi, wakati mpunga haupo shambani au unahitaji kidogo tu, na yakamwagika kwenye majaruba na mifereji badala ya kwenda Ihefu. Kinamasi kilichokuwa na matete kikasinyaa, nyasi za mafuriko zikageuka mashamba. Mpunga huo ndio wali wa Mbeya unaosifiwa Dar es Salaam nzima, na mlaji wa Dar ni mshirika katika mto kukauka kama alivyo mkulima wa Mbarali. Mwezi Aprili 2017, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliunda kikosi kazi cha kuuokoa mto huo. Mwishoni mwa mwaka 2022 ulikuwa mkavu tena kwa miezi.

Mteremko wa Mufindi nao una kisa chake kifupi. Bwawa la Kihansi lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2000, maji yaliyokuwa yakiporomoka gengeni yalielekezwa kwenye mtambo. Manyunyu yaliyokuwa yamelowanisha majani na kuvumwani vya hekta chache chini ya maporomoko yakakoma, uoto wa pale ukanyauka, na chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 na asiyeishi mahali pengine, akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009. Amerudishwa tangu mwaka 2012 kutoka kwenye majumba ya wanyama ya Marekani, akinyunyiziwa maji kwa mabomba.

Kitulo ndiko nyasi zilikopata mtetezi kwa mara ya kwanza. Wenyeji waliuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Katika miaka ya 1990 viazi vya okidi, vinavyoitwa chikanda, vilianza kuchimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa na kuliwa kwa hamu kubwa, na okidi za Zambia zilikuwa zimepungua mno. Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinang'olewa Nyanda za Juu Kusini kwa mwaka. Kilimo cha pareto na viazi mviringo kilikuwa kikipanda mlima pia. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 412.9, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake.

Mwaka huohuo dunia ilitangaziwa nyani mdogo wa miti ambaye sayansi haikumjua, anayeishi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone na katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani, kipunji, na ndilo sayansi ililolichukua. Sensa ya kwanza ilihesabu 1,117 tu. Doria, upandaji wa miti ya asili kwenye pengo la Bujingijila lililoitenganisha misitu ya Rungwe na Livingstone, na kazi ya miaka mingi na vijiji jirani vimezaa matunda. Hesabu iliyofanywa zaidi ya miaka kumi baadaye ilikuta idadi yake imeongezeka. Nalitaja hili kwa furaha, maana ni nadra katika habari hizi.

Joto la dunia linaingia juu ya yote haya. Mimea ya Kitulo imezoea baridi na barafu ya asubuhi za Juni na Julai. Nchi ikipata joto, mmea wa mlimani hutafuta nafuu kwa kupanda juu zaidi, lakini Mlima Rungwe una mita 2,960 na Mtorwi 2,961. Juu ya hapo hakuna pa kwenda. Zao nalo linapanda likiufuata. Wakulima wa viazi na maparachichi wanajaribu miinuko ambayo babu zao waliogopa kwa baridi, na mvua ya Novemba, ambayo ndiyo saa ya mkulima wa huku, imekuwa haiaminiki. Hewa ya ukaa iliyoongezeka inavipa vichaka nguvu ya kuingia penye nyasi, na mbegu za msindano na mwati, zikipeperuka nje ya mashamba, zinaotea humohumo.

Nje ya Kitulo, nyasi za Mufindi, Kilolo na Njombe zipo mikononi mwa vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inagawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, iliyokwishamilikiwa na watu au familia, na ile inayoweza kugawiwa baadaye. Mkutano wa kijiji unapokaa kupanga matumizi ya ardhi, msitu wa asili huandikwa kwa jina lake na chanzo cha maji hulindwa kwa mita 60 za Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Uwanda wa nyasi mara nyingi huangukia fungu la tatu, la ardhi ya akiba, na mwombaji wa kwanza wa ekari hizo huwa amekuja na miche ya misindano.